Vitambaa Juu ya Kompyuta

Kila siku ya masomo, ikifika saa saba na nusu mchana, Mwanne alikuwa mtu mkubwa. Aliinuka kwenye dawati lake la darasa la sita, akatoa ufunguo uliokuwa ukining'inia shingoni mwake kwa uzi mweusi, akawatangulia wenzake arobaini mpaka chumba cha mwisho cha shule. Wenzake walivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Mwanne alifungua kufuli, akaingia peke yake, akaanza kuzifunua kompyuta moja baada ya nyingine.

Zilikuwa nne, za mitumba. Mwaka huo wa 1997 Kariakoo ilikuwa imefurika vitu vya nje. Televisheni, pasi na redio za kaseti zilipangwa barazani mpaka wapita njia wakakosa pa kukanyaga. Lakini kompyuta shuleni, tena shule ya msingi! Hilo lilikuwa jambo la kusimuliwa. Alizitoa Mzee Champaklal, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambaye alisoma shule hiyo hiyo utotoni. Siku ya kuzikabidhi alisema, "Mwalimu, mashine hizi zinapumua kwa mgongoni na kwa juu. Ziacheni zipate hewa, na mkimaliza zimeni swichi." Masikini, watu walikuwa wanapiga makofi na ngoma ilikwishaanza kulia. Nani alimsikia?

Kilichowasumbua watu ni vumbi la Kariakoo na bati la chumba kile lililokuwa likivuja. Basi Mwalimu Hyasinta, mwalimu wa kompyuta, akanunua nailoni ya kuzifunikia. Mama yake Mwanne, ambaye alifuma vitambaa vya makochi na kuviuza Mtaa wa Kongo, akafuma vinne vyeupe vyenye maua mekundu pembeni, vikawekwa juu ya nailoni. Kila aliyeviona alivisifu. Nyumba gani ya Dar isiyofunika redio yake? Kitu cha thamani hufunikwa, ndivyo tulivyolelewa.

Mlangoni palibandikwa tangazo kwa wino mwekundu: ATAKAYEHARIBU KOMPYUTA ATAFUKUZWA SHULE. Watoto waligusa vitufe kama wanaogusa jiko la moto. Mwalimu Hyasinta aliliona hilo. Jioni moja Mwanne alichungulia daftari lake jekundu la kumbukumbu za masomo, akasoma: "Leo hakuna aliyeuliza swali hata moja. Wanaiogopa mashine. Je, anayeogopa anajifunza?" Mwanne hakuelewa kwa nini mwalimu aliandika vile. Yeye aliona kuogopa ndiyo adabu.

Jumatatu moja umeme ulikatika katikati ya somo. Mgao ulikuwa jambo la kila wiki, hakuna aliyeshangaa. Vioo vya kompyuta vikawa vyeusi, watoto wakaguna, wakaondoka. Mwanne aliweka nailoni, akatandaza vitambaa, akafunga kufuli, akaenda zake nyumbani.

Asubuhi ya Jumanne aliingia mapema kufagia. Alipofungua mlango, joto likampiga usoni, na pamoja na joto harufu kali ya kitu kilichoungua. Chumba kilikuwa kinavuma. Chini ya vitambaa vyote vinne kulikuwa na mwanga wa buluu, na mle ndani hapakuwa na mtu!

Alitaka kukimbia, lakini akapiga moyo konde, akafunua. Kompyuta zilikuwa zimewaka zenyewe. Hapo akaelewa: umeme ulipokatika, yeye hakuzima swichi hata moja, uliporudi, mashine zikaamka, zikakesha zimefunikwa gubigubi. Juu ya ile ya tatu nailoni ilikuwa imeyeyuka na kunata, na kitambaa cha mama kilikuwa na doa la kahawia, kubwa kama kisahani.

Akakumbuka wino mwekundu wa mlangoni. Alizima swichi zote, akabandua nailoni kwa kucha, akakikunja kitambaa na kukificha chini kabisa ya mkoba wake. Alipokwenda mstarini kuimba wimbo wa taifa, midomo ilicheza tu, sauti haikutoka.

Mchana kompyuta ya tatu haikuwaka. Mwalimu Hyasinta alibonyeza, akangoja, akabonyeza tena. Kimya.

"Nani anajua kilichotokea?" aliuliza.

Filbert, mvulana wa dawati la mbele, akanyoosha kidole. "Mwalimu, jana jioni nilipita nje hapo. Niliona taa ya buluu dirishani, mwalimu. Kulikuwa na mtu ndani."

Mwalimu mkuu, Bwana Augustino, akaitwa. Funguo za chumba zilikuwa mbili tu. Mmoja alikuwa nao Mwanne, na wa pili Mzee Anuari, mlinzi, mtu wa Lindi aliyeilinda shule hiyo kwa miaka kumi na mmoja bila kupotea hata kiti.

"Mzee Anuari, uliingia humu jana?" Bwana Augustino aliuliza mbele ya watoto wote.

"Sikuingia, mwalimu mkuu. Nikafanye nini mimi? Hata pa kuiwashia sipajui."

"Sasa mwanga ulitoka wapi?"

Bwana Augustino akanyoosha mkono, akamnyang'anya ufunguo. "Ijumaa kamati ya shule inakaa. Jiandae kuondoka."

Mwanne alikuwa amesimama hatua mbili tu kutoka pale. Sema, alijiambia. Sema sasa hivi. Kisha akaona tangazo mlangoni, akainamisha kichwa.

Saa za kutoka alimkuta mzee amekaa mlangoni mwa stoo alimolala, iliyopakana na chumba cha kompyuta, akikunja kanzu yake ya pekee na kuiweka kwenye mfuko.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona umekunja uso? Anayefukuzwa ni mimi, si wewe." Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Unajua, jana usiku nilisikia kitu kinavuma humo ndani kama nyuki. Nilitaka kumwambia mwalimu. Nikasema, watanicheka, huenda ndivyo zinavyolala."

Mwanne aliondoka mbio. Usiku huo aliisukuma sahani ya chakula pembeni. Mama, aliyesikia mtaani kuwa shuleni vimebaki vitatu, alipouliza kitambaa cha nne kiko wapi, akajibu kimefuliwa. Uongo wa kwanza ukazaa wa pili, na mtoto aliyekuwa mcheshi akawa anashtuka hata mtu akikohoa.

Jumatano ikapita. Alhamisi, kesho yake ikiwa ndiyo siku ya kamati, umeme ulikatika tena katikati ya somo. Mwalimu Hyasinta aliitwa ofisini. Mwanne alibaki peke yake chumbani, mawazo yote yako kwa Mzee Anuari na mfuko wake. Mikono ilifanya kazi iliyoizoea: nailoni, kitambaa, kufuli.

Saa kumi na mbili jioni alikuwa nyumbani kwao Mtaa wa Narung'ombe, amekaa kizingitini akimshikia mama uzi. Mara sauti ikaanza mbali, upande wa Msimbazi. "Umeruuudi!" Ikapokelewa na nyumba za jirani, ikaja mtaa kwa mtaa, watoto wakiruka, redio zikiamka. "Umeruuudi!"

"Afadhali," mama alisema, "nipige pasi mapema."

Lakini Mwanne alikuwa amesimama, uzi umemponyoka. Alijaribu kukumbuka vidole vyake mchana ule. Nailoni. Kitambaa. Kufuli. Swichi? Hakuigusa hata moja. Na kule stoo, nyuma ya ukuta ule ule na chini ya dari ile ile, Mzee Anuari angekuwa amejilaza kabla ya zamu yake.

Alikimbia. Alipita katikati ya mafungu ya nyanya na meza za viatu, watu wakimtukana, na kila alipofika "Umeruuudi!" ilikuwa imekwishamtangulia. Alipoingia lango la shule aliiona: moshi mweusi ukitoka juu ya dirisha la chumba cha mwisho.

Mzee Anuari, salama lakini akikohoa, alikuwa nje ya dirisha. Alikuwa amekwishavunja kioo kwa rungu lake. Ufunguo hakuwa nao, uliondoka Jumanne. Mkononi alishika ndoo iliyojaa maji, ameiinua mpaka kifuani, maji yakimchuruzika mikononi na miguu yake mitupu ikiwa ndani ya dimbwi. Mwalimu Hyasinta alikuwa anakuja mbio kutoka ofisini, madaftari ya kusahihisha yakimwanguka.

Somo la kwanza kabisa la kompyuta Mwalimu Hyasinta alilifundisha ubaoni: umeme na maji haviwekwi pamoja, maji hupitisha umeme mpaka kwa aliyeyashika. Watoto arobaini walilinakili. Mzee Anuari hakuwemo darasani.

"Babu, usimwage!" Mwanne alipiga ukelele. "Utakufa, babu! Zina umeme! Zinawaka, niliziacha wazi mimi! Na Jumatatu ni mimi! Ni mimi, babu, si wewe!"

Ndoo ikasimama pale pale hewani. Mwalimu Hyasinta alisikia neno umeme, akageuka bila kuuliza, akakimbilia swichi kuu ukutani mwa ofisi na kuivuta chini. Taa za shule nzima zikazimika. Mwanne akavua uzi shingoni, ufunguo ukakosa tundu mara mbili. Mlango ulipofunguka walimwaga mchanga wa uwanjani, debe baada ya debe, mpaka moto ukafa.

Kompyuta ya pili ilikuwa imeungua kabisa. Dari juu yake ilikuwa nyeusi, na weusi ule ulikuwa umetambaa mpaka upande wa stoo, juu ya mkeka wa mzee. Mwanne aliutazama ule mkeka, akaketi chini, akalia kwa sauti.

Ijumaa hakungoja kuitwa. Aliingia kwenye kamati na kitambaa chenye doa, akakitandaza mezani mbele ya Bwana Augustino, akasema yote tangu Jumatatu. Hakuruka neno. Bwana Augustino alisimama, akamgeukia Mzee Anuari, akamwomba radhi mbele ya watu wote na kumrudishia ufunguo. Mwanne alipewa adhabu ya kusugua masizi kwa wiki mbili. Fundi wa Mzee Champaklal aliiponya kompyuta ya tatu. Ya pili ikaenda kwa vyuma chakavu.

Mwalimu Hyasinta alimkuta anasugua ukuta. Alikwenda mlangoni, akalichana lile tangazo jekundu vipande vipande.

"Mwanne, umekosa, na unajua," alisema. "Kusahau swichi ni bahati mbaya, mtu yeyote husahau. Kosa lako ni kunyamaza. Ungesema Jumanne, tungemwita Mzee Champaklal, angetukumbusha habari ya hewa siku hiyo hiyo, ufunguo ungebaki kwa mzee, na hakuna ambaye angesimama kwenye maji na ndoo mkononi. Mtu mmoja alikuwa afe kwa siri yako."

"Niliogopa kufukuzwa, mwalimu."

"Najua. Na hapo nimekosa mimi. Niliwafundisha kuiogopa mashine, sikuwafundisha kuuliza. Nimeliandika hilo kwenye daftari langu. Kuanzia leo, anayeharibu kitu aseme saa ile ile, nasi tutatengeneza pamoja. Anayeficha ndiye atakayejibu."

Mzee Anuari alikuwa amesimama nje, viatu mkononi.

"Mwalimu," alisema kwa haya, "na mimi nina swali. Hivi zikivuma vile, maana yake nini?"

Mwalimu Hyasinta akavuta benchi la mbele. "Kaa hapa, mzee. Mwanne atakueleza."

Mwanne akafuta masizi mikononi, akaanza na swichi.