Moto Usioombwa

Siku ya kwanza jiko lake lilipokosa moshi, Zulekha alifurahi. Ilikuwa mwezi wa nne, mwaka wa 1943, mvua za Kitale zimeshika kasi, na kuni za mkaratusi zilizorundikwa uani zilikuwa mbichi kiasi cha kutoa povu zikichomwa. Wanawake wote wa Mtaa wa Mijakaranda walikuwa wanapika huku wanafuta machozi. Zulekha peke yake alisimama jikoni macho makavu, anatazama moto unavyopanda umenyooka, mweupe, bila hata uzi mmoja wa moshi.

"Njoo uone," alimwita mumewe.

Hamdun alikuwa fundi cherehani, na mwaka ule wa vita alikuwa anashona sare za askari barazani kutwa. Alikuja na utepe wa kupimia shingoni, akachungulia, akacheka. "Usimwambie mtu. Watahamia hapa wote na masufuria yao."

Wangeuliza siku hiyo hiyo moto ule umetoka wapi, pengine nisingekuwa na la kusimulia. Lakini nani anauliza maswali siku ambayo hakulizwa na moshi?

Mtaa wenyewe ulikuwa mzuri, tena wa kuonewa wivu. Miti ya jakaranda ilipandwa pande zote mbili za njia, na kati ya nyumba na nyumba kulikuwa na ua wa kayapa, ile miti ya miiba inayozuia mbuzi na wezi. Ua wa Zulekha na jirani yake Wilkista ulikuwa na tundu. Wao wenyewe walilikata, mwaka ule Zulekha alipohamia kutoka Mumias akiwa mwari, hajui mtu. Kwa miaka minane tundu lile lilipitisha chumvi, kinu, mboga, umbea na watoto, Walubengo mwana wa pekee wa Wilkista akiwa mmojawao. Zaina, binti wa Zulekha, alizaliwa mikononi mwa Wilkista, maana mkunga alichelewa. Huku kukiadhiniwa na kule kukiimbwa nyimbo za kanisa, wao walikuwa wanamenya viazi katika karai moja.

Zaidi ya yote, tundu lile lilipitisha moto. Viberiti vilikuwa vimeadimika kwa sababu ya vita, kwa hiyo aliyezimikiwa alikwenda kwa mwenzake na kigae cha chungu, akapewa kaa. Wilkista ndiye aliyemfundisha utaratibu wake, wiki ya kwanza kabisa.

"Kwetu moto mtu anaomba mwenyewe," alimwambia. "Hakuna mtu analeta. Na ukipewa, usiseme ahsante. Geuka tu uende. Ukishukuru, umekubali moto na kila kitu iko ndani yake."

Zulekha alicheka sana. Kwao Mumias mtoto asiyesema ahsante alifinywa sikio. Lakini alifuata, kwa heshima ya rafiki, na kwa miaka minane hakuwahi kumshukuru Wilkista kwa kaa hata moja.

Siku ya pili ya moto ule, maji ya chai yalichemka mpaka yakatokota, na Hamdun alipoyatia mdomoni yalikuwa baridi. Siku ya tatu nyumba ilianza kunuka harufu ya nguo iliyoungua. Hamdun alikimbilia pasi yake ya makaa akidhani ameisahau juu ya suruali ya mtu. Pasi ilikuwa rafuni, tupu. Harufu ilikuwa inatoka jikoni, na jikoni hapakuwa na nguo.

Jioni hiyo Zulekha alifukia moto kwa majivu kama kawaida. Asubuhi aliukuta umewaka wenyewe, na kuni hakuna aliyetia.

Hapo ndipo alipoanza kuogopa, na hofu yake ikaenda moja kwa moja kwa Zaina. Mtoto alikuwa na miaka minne, mwenye mbio na maneno mengi, na sasa hakutaka tena kucheza chini ya jakaranda. Alikaa mbele ya moto tangu asubuhi, mikono magotini. Mama yake alipomshika aliruka, maana mwili ulikuwa baridi kama maji yanayoshuka Mlima Elgon.

"Toka hapo, mwanangu. Njoo juani."

"Siwezi," Zaina alisema polepole. "Ameniambia nisiondoke. Anasikia baridi."

"Nani?"

"Huyu aliyekaa humu."

Zulekha alitazama moto. Hapakuwa na kitu. Alimbeba mtoto akampeleka barazani, akamfunika blanketi mbili, na alipokwenda kuchota maji na kurudi, blanketi zilikuwa barazani na mtoto alikuwa jikoni.

Hamdun aliumwagia moto ndoo mbili za maji. Ulizimika bila kutoa mvuke wala sauti, na walipokuwa bado wanatazamana, ukawaka. Aliuchota kwa koleo akautupa nje kwenye mvua, akarudi ndani akaukuta mahali pake.

Alhamisi, saa tisa mchana, mvua ikipiga mabati kwa kishindo, Zulekha alikuwa chumbani anakunja nguo aliposikia Zaina anaongea jikoni, na alipokaribia mlango akasikia anajibiwa, kwa sauti nene ya chini chini, ya mtu anayesema huku mdomo umejaa, na akasimama pale mkono ukutani anataka kulitaja jina la Mungu na ulimi umekataa, mpaka alipousukuma mlango akamwona mwanawe amechuchumaa, mkono wa kulia umezama ndani ya moto hadi kiwikoni, na moto ule haumuunguzi, unamlamba tu taratibu, na kila unapomlamba wenyewe unazidi kunawiri na midomo ya mtoto inazidi kuwa ya kijivu.

Alimvuta kwa nguvu wakaanguka wote wawili. Mkono ulikuwa mzima, hauna hata alama. Ulikuwa baridi, na vidole havikunjiki.

"Anasema alikuwa kwa Walubengo kwanza," Zaina alinong'ona, meno yanagongana. "Anasema mama yake Walubengo alimfukuza."

Hamdun alimleta Maalim Osman kutoka msikitini kabla ya magharibi. Alikuwa mzee mfupi mkimya, aliyewahi kuona mengi mjini humo na hakupenda kuyahadithia. Alimwandikia mtoto kombe kwenye sahani, aya za zafarani zilizooshwa kwa maji, akamnywesha. Mtoto alipata rangi kidogo. Maalim akaenda kusimama mbele ya jiko, akasoma kwa muda mrefu, na jasho likamtoka ingawa moto ule haukuwa na joto. Aliporudi barazani aliuliza maswali mawili tu, kwa sauti ya chini.

"Moto huu uliombwa, au uliletwa?"

Zulekha alifikiri. "Uliletwa."

"Na wewe ulisema nini?"

Ndipo ile asubuhi ya Jumatatu ilipomrudia yote. Alikuwa anachambua mchele. Wilkista alipita kwenye tundu, kigae mkononi, kitambaa kimekaa upande kichwani. Mwanawe Walubengo alikuwa anaumwa wiki ya tatu, maradhi ya baridi ambayo dresa wa hospitali hakuyajua, na Zulekha mwenyewe alikuwa amempelekea uji kila siku. "Nimeona moshi haitoki kwako, Mama Zaina, nikajua umezimikiwa," Wilkista alisema, akaweka kaa jikoni. Kisha hakuondoka. Alisimama mlangoni, anatazama chini. "Ati leo hata ahsante hakuna? Miaka yote hii nakupea moto." Zulekha aliona haya kweli kweli. "Ahsante sana, Mama Walubengo," alisema. "Mungu akulipe." Wilkista aligeuka akaenda haraka, bila kutazama nyuma. Jioni hiyo Walubengo alikuwa anacheza kwenye matope, anacheka, na Zulekha alimshukuru Mungu kwa ajili yake.

"Nilisema ahsante," alijibu.

Maalim alitikisa kichwa. "Kombe litamsaidia mtoto siku mbili, tatu. Halitamtoa huyo. Atatoka kwa njia mbili. Aliyemleta aje mwenyewe na kigae, aombe moto wake, arudi nao kwake. Au apelekwe kwa mwingine, naye ashukuru." Alimtazama Hamdun, kisha Zulekha. "Hiyo njia ya pili ni kumuua mtoto wa mtu. Nimewaambia ili mjue alivyofika kwenu. Nisisikie imetoka hapa."

Hamdun alikuwa anazungusha utepe wa kupimia kidoleni.

Zulekha alikwenda kwenye tundu. Lilikuwa limezibwa kwa matawi mapya ya miiba, yamefungwa kwa waya. Alizunguka kwa mbele, akamkuta Wilkista ameketi kwenye kizingiti chake, Walubengo amelala mapajani.

"Mama Walubengo. Ulijua?"

Wilkista hakukana. Afadhali angekana. "Mimi pia nililetewa," alisema kwa sauti ya chini, asimwamshe mtoto. "Mwanamke wa soko ya Chwele, alikuja kama mtu mzuri. Mtoto wangu alikuwa anaisha, Mama Zaina. Usiku nilikuwa naweka mkono kwa pua yake kujua kama bado. Ningefanya nini?"

"Ungenipita mimi. Mtaa mzima, ukaja kwangu."

"Watu wengine hawangesema ahsante," Wilkista alisema, akaanza kulia. "Wewe ndiye mtu ako na adabu."

Maneno hayo yalimuuma Zulekha kuliko yote. Alipiga magoti pale kwenye matope. "Njoo uombe moto wako. Nakuomba. Njoo na kigae, useme tu, nitakupa."

"Siwezi."

"Zaina ulimpokea kwa mikono yako."

"Siwezi, bana. Ni mmoja tu niko naye." Alimkumbatia mtoto wake. "Si hata wewe ungefanya hivyo."

"Mimi?" Zulekha alisimama. "Kama ingekuwa nimefanya mimi, hata bila kujua, ningetembea miguu mitupu kwenda kuuomba moto huo. Hata kama ni Bungoma. Usinifananishe nawe."

Aliondoka. Njiani akagundua kuwa analia kwa hasira tu, huzuni bado haijafika.

Siku mbili zilipita. Kombe la Maalim lilikuwa linaisha nguvu. Jumamosi Zaina hakuweza kufumbua macho, na Zulekha alimbeba hadi nyumbani kwa Maalim kule msikitini, akakaa naye huko kutwa akisomewa. Hamdun hakwenda nao. Alisema ana sare za askari za kupeleka Bungoma kwa lori la mahindi, kazi ya serikali haina subira. Zulekha alimwona anafungasha: suruali, uzi, mkasi, na ile pasi ya makaa ameizungushia gunia. Aliona pasi ile, akafikiri habari za nguo.

Saa nane mchana Zaina alikohoa, akaomba uji.

Zulekha alimkimbiza nyumbani mgongoni. Alifungua mlango wa jikoni, akakuta mafiga yamepoa na majivu yamelala. Aliazima moto kwa mama mmoja wa upande wa pili wa njia, akageuka bila kusema neno, akaziwasha zile kuni mbichi. Moshi ulimvaa mzima mzima, ukamchoma macho, ukajaza jiko na uani na kupanda hadi kwenye majani ya jakaranda, na yeye akakaa katikati yake anakohoa na kucheka, mtoto wake mwenye joto mapajani. Alijua ni kisomo cha Maalim. Alimpelekea Maalim kuku.

Hamdun alirudi kesho yake. Alimbeba Zaina muda mrefu. Chai hakunywa. Tangu siku hiyo akawa hamtazami mkewe usoni, na Zulekha akadhani ni uchovu wa safari na hofu iliyopita.

Wiki mbili baadaye alikuja Fadumo, mwuza samli aliyekuwa akienda na kurudi Bungoma kwa malori. Aliketi barazani, akafungua kibuyu chake na maneno yake kwa pamoja. Ndani, alikohamia Hamdun kwa sababu ya mvua, cherehani ilikuwa inalia.

"Dada yako Rukia anakusalimu. Amejifungua, umesikia? Mtoto wa kiume. Hata arobaini hajatoka."

"Alhamdulillahi."

"Na anasema shemeji yake ni mtu sana. Kutoka huku kote, kwenye mvua, amebeba moto ndani ya pasi, ati nyumba ya mzazi isikose moto. Hata kukaa hakukaa. Alisimama tu pale mlangoni mpaka dada yako akasema ahsante, ndiyo akaenda."

Cherehani ilinyamaza.

"Moto mzuri, wallahi, nimeuona," Fadumo aliendelea. "Hauna moshi hata kidogo. Ila mtoto ana baridi baridi siku hizi, hanyonyi vizuri. Mvua hii." Alifunga kibuyu. "Narudi leo mchana. Nimwambie nini dada yako?"

Zulekha alitazama mlango wa chumba, ambako mumewe alikuwa amekaa kimya nyuma ya pazia, anasikia kila neno. Alitazama ua wa kayapa, ambako nyuma ya miiba Wilkista alikuwa anaanika nguo na kuimba kwa sauti ndogo. Njia ya kwenda Bungoma ilikuwa pale mbele ya lango, na miguu anayo, na kigae kilikuwa karibu na mlango wa jikoni. Zaina alikuja mbio kutoka chini ya jakaranda, akamrukia mapajani, akamkumbatia shingo kwa mikono miwili iliyojaa matope. Mikono ilikuwa na joto.

"Mwambie," Zulekha alisema, "mtoto amfunike vizuri."

Fadumo alikwenda zake. Baada ya muda cherehani ilianza tena, polepole. Zulekha aliingia jikoni, akachochea kuni mbichi, akapika chakula cha mchana huku machozi yanamtoka, na Zaina alipomwuliza analilia nini, alimwambia ni moshi.