Appariteur wa Kindu na Mbuzi wa Mama Véronique

"Mademoiselle, nafasi zilikwisha," sauti ya mwanamume ilisema kwenye simu. "Ile section ya sinema hapa chuoni imejaa. Tena frais ya masomo imepanda mara mbili. Kaa tu nyumbani, ungojee mwaka inakuja."

Anastasie aliibana simu sikioni. Alikuwa nyuma ya nyumba ya baba yake, hapa Kasongo, mikono imejaa unga wa muhogo.

"Lakini monsieur l'appariteur, rafiki yangu ameandikishwa Kindu juzi tu!"

"Huyo alikuwa wa mwisho. Niko na kazi, mademoiselle."

Kabla simu haijakatika, nyuma ya ile sauti alisikia mtu akipiga kelele kwa megafoni: "Mbuzi mweupe ya Mama Véronique, sikio moja imekatika, imepotea! Mutu akiiona, aipeleke kwake karibu na soko!"

Anastasie alikaa kwenye kinu kilicholala, machozi yakimlenga. Msichana huyu alikuwa anapiga video za harusi na matanga kwa simu yake, na watu walikuwa wanamfuata mpaka nyumbani kuzitaka. Alichotaka duniani ni kimoja tu, kusomea kazi hiyo. Sasa ndio basi tena.

Hajapangusa hata machozi, mpiga mbiu akapita barabarani kwa baiskeli, megafoni mkononi.

"Mbuzi mweupe ya Mama Véronique, sikio moja imekatika..."

Machozi yalikauka yenyewe. Kindu ni mbali, kwa pikipiki unalala njiani. Appariteur, yule mkubwa wa kuandikisha wanafunzi, aliyeko ofisini kwake Kindu, alisikiaje mbiu ya Kasongo?

Simu ikatetemeka. Ujumbe kutoka kwa Muzaliwa, mchumba wake:

"Chérie, pole sana kwa habari ya Kindu. Usilie. Sasa tufunge ndoa, masomo itakuja nyuma."

Aliusoma mara mbili. Alikuwa hajamwambia mtu yeyote. Mwanamume anayekupa pole kabla hujamweleza msiba wako, mtazame vizuri.

Muzaliwa alikuwa mfanyabiashara wa dhahabu kule Salamabila, kijana mtanashati, mdomo mtamu. Kiangazi kilichopita alileta sehemu ya kwanza ya mahari, na tangu siku ile Papa Pierre alikuwa anamwambia binti yake: "Weye sasa uko mutu ya wenyewe. Bwana yako akikubali masomo, utaenda. Akikataa, mimi sina neno." Na Muzaliwa alikubali mbele ya wazee wote! "Asome, mimi nitamusaidia," alisema, wakampigia makofi. Namba ya appariteur, ni yeye aliyeileta.

Wiki hiyo alikuwa Kasongo, na jioni alikuja na sukari na samaki wakavu. Papa Pierre alimkaribisha kwa furaha.

"Mukwe yangu, karibu. Binti ametuambia ya Kindu. Mungu njo anajua."

"Njo vile, Papa. Mimi mwenyewe niliumia. Nilitaka bibi yangu asome."

"Ulisikia kwa nani?" Anastasie aliuliza.

"Appariteur alinipigia."

"Kabla ya kunipigia mimi?"

"Eeh... saa ile ile tu."

"Basi tumupigie tena. Papa asikie mwenyewe."

Muzaliwa alicheka, lakini mkono ulikuwa unasugua goti. "Chérie, saa hii ofisi zimefungwa. Na réseau ya simu iko mbaya."

"Réseau iko muzuri. Angalia."

"Mwache baba apumuzike, Anasta!"

"Mimi sijachoka," Papa Pierre alisema. "Piga, mutoto."

Aliweka sauti ya juu, akalaza simu juu ya meza. Iliita. Muzaliwa alikohoa kwa nguvu, akakohoa tena.

"Allô, secrétariat."

"Monsieur l'appariteur, munisamehe kuwasumbua. Ni Anastasie wa Kasongo. Nafasi hata moja haibaki?"

"Hata moja, mademoiselle. Nilikwisha kukuambia."

"Aksanti. Na ile mbuzi ya Mama Véronique, waliipata?"

"Hata! Bado. Mpaka saa hii wanaitafuta kule nyuma ya..."

Sauti ilikufa. Papa Pierre aliinama juu ya simu kama anayetaka kumwona mtu ndani yake.

"Kindu wanamujua Véronique yetu?"

"Clovis, kata simu!" Muzaliwa aliropoka.

Ikakatika. Clovis ni rafiki yake wa kufa na kuzikana, anayemlindia depo yake, ghala la bidhaa, hapa sokoni Kasongo. Na depo hiyo ndiyo iliyokuwa ofisi ya appariteur.

"Muzaliwa," Anastasie alisema. "Sababu gani?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Wasichana wanaenda kusoma, wanarudi na mabwana wengine! Na sinema tena, wanaume na kamera kila siku. Ningekataa mbele ya wazee, wangeniona mimi mutu mubaya."

"Kwa hiyo ukatafuta mutu anikatalie, weye ubakie muzuri."

Anastasie alisikia moyo unamuuma kweli kweli, wala hakuuficha.

"Unajua nilipiga hesabu ya chuo ngapi? Kinshasa, mbali. Lubumbashi, nyumba za kupanga bei kali. Yenye ilikuwa rahisi kwangu ni Kisangani. Mama mudogo Laura ananipa chumba bure, na frais iko chini kuliko Kindu. Nikaiacha. Nikachagua Kindu, nitapiga video za harusi nijilipie frais zenye zinabakia. Unajua juu ya nini? Sababu kutoka Salamabila ungeweza kuja kuniona na pikipiki!"

Muzaliwa alifunika uso. Mabega yake yalikuwa yanatikisika.

"Sikujua, Anasta."

"Hukuuliza."

Papa Pierre alivuta pumzi ndefu. "Mukwe, sema sasa mbele yangu. Kwa mudomo yako, si ya Clovis."

Kijana alipiga magoti. "Aende Kisangani, Papa. Mimi nitamulipia. Nitamungojea hata miaka yote. Nasema kweli."

Baba alimgeukia binti yake. Anastasie alimtazama Muzaliwa, macho mekundu, kilio cha mtu mzima. Huenda safari hii alikuwa anasema kweli. Alitamani kumwamini. Alimpenda, na alijaribu pale pale, mbele ya baba yake, akajilazimisha. Lakini kila neno alilolisikia alikuwa analigeuza akitafuta uongo wake, na akaona hivyo ndivyo atakavyoishi naye miaka yote.

"Papa," alisema, akilia, "murudishie vitu vyake vya mahari. Kesho nampigia mama mudogo Laura."