Kamba Moja ya Daraja la Kale

Kila asubuhi Odilia alifagia uwanja, akachota maji, kisha akashika njia ya shule kutoka kwao Lipangalala. Lakini asubuhi hiyo ya mwaka 1994 miguu ilimwia mizito kama mawe.

Mwalimu Kasmiri alikuwa amelituma darasa la sita kutafuta habari za daraja la miti na kamba lililovuka mto zama za mababu wa mababu zao. Odilia hakukanyaga mtoni. Alikaa nyumbani akaandika: "Nimeziona nguzo zake. Maji hapo ni ya magotini." Akapewa kumi na tisa kwa ishirini. Leo darasa zima linakwenda kuziona.

"Tuongoze, mtafiti!" Abdulkarim, mwanafunzi mwenzake, alimtania. "Au nguzo zimekwenda gulioni?"

Wenzake wakaangua kicheko.

Ukingoni mwa mto walimkuta Bibi Philomena, aliyealikwa kuwasimulia.

"Shikamoo, Bibi!"

"Marahaba, wajukuu. Daraja hilo kila familia ilikuwa na sehemu yake. Masika yakiisha, wanakata kamba mpya porini, wanafunga, kisha wanapaza sauti: 'Tumefunga!' Mwaka mmoja familia moja ikaona uvivu. Ikapaza sauti tu. Watu wakapita wakiamini. Mto ukawachukua saba, na daraja lenyewe. Halikujengwa tena."

Odilia alipogeuka, Abdulkarim alikuwa amekwisha vua viatu.

"Si magotini? Nakwenda kuzigusa nguzo zako!" Mguu wake ulikuwa hewani, juu ya maji.

"Usiingie!" Odilia alipiga yowe, akamkamata shati hadi likachanika. "Nilidanganya! Sijawahi kufika hapa!"

Mwalimu Kasmiri alichukua mwanzi mrefu, akautumbukiza majini. Ukazama wote bila kugusa chini. Hatua chache mbele, kilichodhaniwa gogo kikafumbua jicho, kisha kikazama kimyakimya.

Abdulkarim akaokota viatu vyake, akarudi nyuma.

"Nami niliamini bila kupima," Mwalimu alisema. "Odilia, alama zile nimezifuta. Utaandika upya."

"Ndiyo, Mwalimu," Odilia alijibu huku machozi yakimtoka.

Bibi Philomena akamshika mkono. "Mjukuu wangu, neno lako ni kamba. Ukisema umefunga, yupo atakayekanyaga. Wale wa zamani waliunyamazia uongo wao mpaka watu wakazama. Wewe umesema mguu ungali hewani. Kesho usisubiri mpaka hapo."