Kitufe cha "Nimesoma"

Kila Jumapili alasiri, wakishatoka kanisani, Nkirote humsomea baba yake kanuni za usalama kazini. Mama yake huwa zamuni katika makao ya wazee, kwa hiyo nyumbani hubaki wawili tu, ghorofa ya kumi na sita huko Rexdale, Toronto, baba akimenya viazi na binti ameshika tableti. Barua kutoka kwenye mjengo, pale baba anapofanya kazi ya ujenzi, hufika humo kila wiki: viatu gani vivaliwe, ngazi ifungwe vipi, moto ukizuka watu wakusanyike wapi. Nkirote husoma kwa Kiingereza, kisha hueleza kwa Kiswahili chake cha kuungaunga. Murithi akiridhika husema, "Haya, bonyeza," naye binti hubonyeza kitufe kinachosema kwamba mfanyakazi amesoma na ameelewa.

Murithi hakuwa mjinga. Kule Nkubu alikuwa fundi mwashi wa kutegemewa, na hapa Toronto alipanda majengo marefu yanayotazama ziwa bila kutetemeka. Ila shule aliiacha darasa la saba, na Kiingereza cha barua zile kilikuwa cha mawakili, sentensi ndefu kama foleni ya basi la Kipling siku ya theluji.

"Wewe ndiye macho yangu," alizoea kumwambia bintiye.

Basi macho hayo yalikuwa na ugonjwa mmoja, nao ni kutangatanga. Nkirote alikuwa na miaka kumi na miwili, na mwalimu wake alishachoka kumwita mara tatu ndipo ageuke. Ukimpa dirisha tu, umempoteza. Ndege zilikuwa zikishuka kuelekea uwanjani moja baada ya nyingine, polepole, taa zao zikielea katika ukungu wa Aprili, naye angeweza kukaa saa nzima akimtungia kila abiria safari yake: huyu anamrudia bibi yake, yule hajawahi kuona theluji.

Jumapili hiyo barua ilikuwa na kurasa kumi na moja. Nkirote aliifungua, akaitazama mistari miwili ya mwanzo, kisha ndege kubwa nyeupe ikatokea mawinguni.

"Kuna jipya?" baba aliuliza, kisu mkononi.

"Hapana, Baba. Ni yale yale ya kila wiki."

"Kweli?"

"Kweli."

"Haya, bonyeza."

Akabonyeza. Ulikuwa uongo mdogo, wala haukumuuma. Walikula viazi, wakacheka, wakalala mapema.

Jumatatu Nkirote aliamka saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Baba alikuwa ameshaondoka na basi la saa kumi na moja, na mama, aliyeongezewa zamu ya usiku, alikuwa bado hajarudi. Nje hapakuwa na kitu. Ukungu ulikuwa umelimeza jengo la jirani, maegesho ya magari, hata miti. Alisimama dirishani, akahisi kana kwamba nyumba yao imeng'oka usiku na sasa inaelea yenyewe, taratibu, kuelekea mahali asipopajua. Ilikuwa raha ya ajabu.

Tableti ikawaka mezani. Ujumbe ulisema: "Asante, Murithi, kwa kuthibitisha kwamba umesoma badiliko muhimu kuhusu mikanda ya usalama."

Nkirote alisoma maneno hayo mara mbili. Badiliko muhimu. Akaifungua barua ya jana, na safari hii hakutazama dirisha.

Lilikuwa ukurasa wa tatu. Mikanda ya usalama yenye lebo ya njano ilikuwa imegunduliwa kuwa na kasoro: kamba yake hulegea na huweza kukatika ikilowa. Kuanzia Jumatatu, mtu yeyote asipande juu nayo. Airudishe ofisini kabla ya kuanza kazi, apewe nyingine.

Lebo ya mkanda wa baba yake aliijua vizuri. Yeye mwenyewe ndiye aliyeandika juu yake, kwa kalamu ya wino mweusi, "Murithi". Ilikuwa ya njano.

Alimpigia baba simu. Ikaita mpaka ikakata. Kule kwenye mjengo simu zote huachwa kwenye sanduku la langoni, na kazi huanza saa moja. Ilikuwa imebaki robo saa.

Mwisho wa barua palikuwa na nambari ya ofisi. Nkirote aliitazama. Akipiga, ataulizwa kwa nini baba yake hajui jambo ambalo amethibitisha kulisoma. Huenda baba akafukuzwa kazi. Akinyamaza, baba atapanda juu katika ukungu huu unaolowesha kila kitu. Aliogopa vyote viwili, lakini kimoja kilikuwa na dawa na kingine hakina. Akapiga.

"Shakeel, msimamizi," ilijibu sauti nzito kwa Kiingereza.

Nkirote alianza kueleza kwa Kiingereza, akakwama, akatamka "Baba yangu" bila kujua. Shakeel alikuwa mzaliwa wa Tanga, naye akageukia Kiswahili papo hapo.

"Sema taratibu, mwanangu. Baba yako nani?"

"Murithi. Mkanda wake una lebo ya njano. Usimwache apande."

"Murithi alithibitisha jana kwamba amesoma."

Hapo Nkirote angeweza kusema baba amesahau. Neno lilikuwa tayari ulimini. Akalimeza.

"Si yeye aliyebonyeza. Ni mimi. Nilimwambia hakuna jipya, na sikuwa nimesoma. Nilidanganya."

Shakeel akasema, "Usikate simu," na mlango ukafunguliwa kwa kishindo.

Nkirote alingoja. Alisikia upepo, shakwe akilia, hatua za mtu anayekimbia kwenye kokoto. Katika weupe wa dirisha alimwona baba yake akipanda, akipanda, mpaka akatoweka, na safari hii hakuipenda kabisa ndoto yake.

"Nkirote." Ilikuwa sauti ya baba.

"Uko chini?"

"Niko chini. Walituambia tungoje ukungu upungue. Mkanda nilikuwa nimeshaufunga."

Nkirote akalia. Baba yake hakumnyamazisha.

Alasiri aliporudi kutoka shule alimkuta baba sebuleni, amelala kwenye kochi, jambo lisilowahi kutokea siku ya Jumatatu. Alimtazama kwa muda mrefu akipumua. Murithi alipofumbua macho, akamwashiria aketi.

"Wamenirudisha nyumbani kwa siku mbili," alisema. "Nitafundishwa upya, kisha nitarudi. Na mikanda mingine mitatu ya njano imepatikana. Wenyewe wote walikuwa wamethibitisha. Hata Shakeel amekiri kwamba aliangalia orodha ya majina akatosheka."

"Nisamehe, Baba. Ni kosa langu."

"La kusema uongo ni lako. Ungeniambia umechoka kusoma, ningengoja. Lakini kuweka neno langu kwenye kidole cha mtoto, hilo ni langu, wala sitakubebesha wewe. Sikiliza. Kanuni hizi haziandikwi ili watu wabonyeze. Nyingi zimeandikwa baada ya mtu kuanguka. Ukisema umesoma, kuna mtu atapanda juu akiliamini neno lako. Kama hujasoma, sema hujasoma. Hakuna aibu hapo."

Akaivuta tableti, akaanza kusoma mwenyewe kwa sauti, kidole kikifuata mstari, neno kwa neno. Ilichukua muda. Kwenye ukurasa wa tano akakwama.

"Hili neno maana yake nini?"

Nkirote aliliangalia. Jana angebuni maana yoyote ili wamalize. Aliligeuzageuza kichwani.

"Sijui, Baba," alisema.

"Vizuri sana," Murithi akajibu. Akachukua simu, akampigia Shakeel kumuuliza.