Mshika Fimbo

Alichokiona kwanza ni mgongo wa mkono.

Mwanamume alikuwa ameinama kando ya tela refu, anagusa gurudumu moja baada ya jingine kwa mgongo wa mkono wake, polepole, kama mama anayepima homa kwenye paji la uso la mwanawe. Geti la bandari lilifurika asubuhi ile. Makuli walipigiana kelele, malori yalipiga honi, karani alitafuta kalamu iliyokuwa sikioni mwake mwenyewe. Mtu mmoja tu hakuwa na haraka, naye ndiye huyu wa magurudumu.

Msichana alisimama akamtazama. Ilikuwa siku yake ya kwanza kazini. Alivaa ovaroli ya mjomba wake, imekunjwa mara tatu miguuni, na juu yake kizibao cha manjano kilichomfika magotini.

"Umepoteza nini chini ya gari langu, dada?" mwanamume aliuliza bila kugeuka.

"Naangalia tu, kaka."

"Kaka yako ni yule mliyezaliwa tumbo moja. Mimi ni dereva. Hapa wananiita Taratibu."

"Kwa nini?"

"Tukianza safari utajua. Mwaka juzi kobe alitupita, akageuka akatupa pole."

Msichana alicheka, akaziba mdomo kwa kiganja. Dereva aligeuka sasa. Alikuwa na shati jeupe lililopigwa pasi hadi kwenye kola, safi kupita kiasi kwa mtu anayeshinda na grisi.

"Na wewe ndiye nani?"

"Mshika fimbo. Mpwa wa mwenye gari la mbele."

"Basi roho yangu iko mikononi mwako," alisema, na safari hii hakutania.

Juu ya tela lile palilala kipande cha kiwiliwili cha ndege, kirefu kama nyumba nne zilizopangwa mstari, kimefungwa nailoni nyeupe toka mwanzo hadi mwisho. Kilishushwa melini, kinapelekwa bara kwenye kiwanda ambako vipande huungwa vikawa ndege. Safari ilikuwa ya siku nne, kwa mwendo wa mtu anayerudi mazikoni. Mbele ya msafara ilitangulia pikapu ya mjomba, na kwenye bampa ya pikapu ilifungwa wima fimbo ndefu nyembamba, imepandishwa shubiri moja kupita kimo cha mzigo.

"Fimbo ikigonga waya, tawi au daraja, kazi yako ni neno moja," mjomba alimwelekeza. Sikio lake la kushoto lilikufa zamani, kwa hiyo alisema kwa sauti ya kuuza samaki. "Bonyeza redio hapa, sema: simama! Najua mdomo wako mzito, mwanangu, lakini neno moja halitakushinda."

Msichana aliitikia kwa kichwa. Tangu darasa la tano, siku aliposimamishwa asome kwa sauti na darasa zima likaangua kicheko, aliamua kwamba maneno yake ni ya kukaa ndani. Siku ile alirudi nyumbani na mfuko wa madaftari na hakurudi tena shule.

Lakini redio ina hila yake. Humwoni unayesema naye. Kufikia safari ya tatu alikuwa anasema, "Waya kulia, tumepita salama," na nyuma yake sauti nzito ikajibu, "Nimekusikia, Bi Kimya." Jina likamganda. Jioni, msafara ukishaegeshwa kando ya barabara, simu yake ililia.

"Uko wapi?" Taratibu aliuliza.

"Si unaniona? Niko kwenye pikapu."

"Nakuona. Hatua thelathini. Lakini nikija huko mjomba wako atanisimulia habari ya injini yake mpaka kuche."

"Atakusikia ukimsema."

"Kwa sikio lipi?"

Alicheka mpaka machozi, uso kaufukia kwenye kizibao.

"Niite mpenzi," dereva alimbembeleza. "Mara moja tu, nilale vizuri."

"Siku nyingine."

"Siku gani hiyo, ina jina?"

"Lala, Taratibu."

Msichana mwenyewe hakulala. Alilirudia neno lile kinywani bila kulitoa, kama pipi isiyotafunwa.

Ikawa safari ya tano. Fimbo iligonga tawi la mti, naye akasema "Simama!" kama alivyofundishwa. Magari kumi na moja yakasimama. Msimamizi wa msafara, mtu wa miwani myeusi hata mvua ikinyesha, alishuka akalitazama tawi lenyewe, jembamba kama kidole. Akachukua redio.

"Nani kampa mtoto redio? Magari kumi na moja yamesimamishwa na ujiti wa kuchokolea meno!"

Redio zote zikacheka kwa pamoja. Msichana alisikia darasa la tano likimrudia masikioni.

"Mimi nitasimama hata kwa unyasi," sauti ya Taratibu ilikatiza. "Aendelee hivyo hivyo."

Hilo alilisikia pia. Lakini kicheko huingia ndani kuliko utetezi.

Safari ya sita ilianza kwa mvua. Wipa za pikapu zililia kwi-kwi, mjomba alinung'unika juu ya injini. Walifika kwenye daraja la waenda kwa miguu walilopita chini yake mara tano bila neno. Safari hii palifungwa bomba jipya la maji chini ya daraja, na hakuna aliyewaambia.

Tik.

Fimbo iligusa, ikapinda, ikapita. Fimbo ni nyepesi, hupinda. Mzigo haupindi.

Mjomba hakusikia. Msichana alisikia. Kidole kilikuwa juu ya kitufe tayari, neno liko ulimini tayari, na papo hapo akaiona ile miwani myeusi. Huenda ni mvua tu. Huenda ni ujiti mwingine. Akavuta pumzi, akaishusha, akavuta nyingine.

"Simama!"

Neno lilitoka pamoja na mlio wa bati likichanwa.

Nailoni nyeupe ilipasuka mgongoni. Chini yake chuma cha ndege kilikuwa na mfuo mrefu kama jeraha la panga. Watu walishuka, wakasimama mvuani wamejikumbatia.

Kesho yake waliitwa ofisini. Chumba kilikuwa kidogo, meza moja, feni iliyotikisika bila kuzunguka. Msimamizi alivua miwani. Macho yake yalikuwa mekundu, ya mtu asiyelala.

"Wote tulisikia simama, na wote tulisikia kishindo," alisema. "Nataka kujua kilichotangulia. Kama mshika fimbo alichelewa, gari la mbele linatoka kwenye kazi hii leo hii. Kama ni dereva, basi ni dereva."

Mjomba alikuwa na watoto sita na pikapu moja. Msichana alikunja kizibao mikononi mwake, akakikunjua, akakikunja.

"Neno lilitangulia," Taratibu alisema. "Mguu wangu ndio uliochelewa."

"Una hakika?"

"Andika hivyo."

Alimtazama msichana mara moja, haraka. Aliyasoma yote usoni pake, naye akajua kwamba kasomwa. Hapo ndipo msichana alipopaswa kusema. Hakusema. Kibali cha dereva cha kubeba mizigo mikubwa kiliwekwa juu ya meza, msimamizi akakifungia drooni.

Jioni ile simu ililia. Msichana aliitazama ikitambaa juu ya godoro kama mdudu, mpaka ikanyamaza. Ikalia tena kesho yake na siku iliyofuata. Angesema nini? Asante kwa kunibebea dhambi yangu? Wiki ya tatu simu haikulia tena, ila mjomba alirudi na ujumbe.

"Yule dereva kaniambia nikwambie ameelewa. Eti wewe ulimpenda mwendesha tela, si mziba pancha. Sasa anaziba pancha pale getini, mwanangu. Mlikosana nini?"

"Hatukukosana, mjomba."

"Basi jibu simu ya watu. Maji ya kunywa hayachezewi."

Alijifungia bafuni akalia, bomba limefunguliwa ili wasimsikie.

Miezi ilipita. Meli nyingine ilileta kipande kingine, na asubuhi ya safari pikapu ilisimama tena kwenye geti lile lile. Mvua ilikuwa ya manyunyu, inayoloanisha bila kishindo. Kando ya geti kilikuwa kibanda cha mabati na matairi yaliyorundikwa, na redio ya msafara ikining'inia msumarini, maana mziba pancha huitwa gari likipata shida.

Alimwona. Shati halikuwa jeupe tena wala halikupigwa pasi. Dereva mpya, kijana anayezungusha ufunguo kidoleni, alikuwa anapiga soga na walinzi. Taratibu alikuwa peke yake kando ya tela, ameinama, anagusa magurudumu ya mtu mwingine kwa mgongo wa mkono.

Macho yao yalikutana. "Habari za wakubwa," alisema, akarudi kibandani.

Salamu ile ya kupewa mgeni ilimchoma kuliko tusi.

"Jumatatu wanakaa kikao juu yake," mjomba alisema akiwasha gari. "Wakimfutia kibali, ndiyo basi tena maishani. Haya, twende."

Msafara ulianza kusogea. Msimamizi aliuliza redioni, "Gari la mbele, kuko salama?"

Msichana alibonyeza kitufe. Aliwatazama watoto sita wa mjomba kwenye picha iliyobandikwa juu ya usukani, akawaomba radhi moyoni, mmoja mmoja.

"Simama," alisema.

Magari kumi na moja yalisimama.

"Kuna nini? Waya?"

"Hakuna waya. Ni mimi. Siku ile ya daraja niliisikia fimbo ikigonga, nikanyamaza. Niliogopa mtanicheka tena. Nilipovuta pumzi ya pili ndipo nikasema, na mlikuwa mmeshagonga. Dereva hakuchelewa. Aliniona nataka kufa, akasema ni yeye."

Manyunyu tu ndiyo yaliyosikika juu ya bodi. Mjomba alizima injini, akamgeuzia sikio zima.

"Umesema nini?"

Akarudia. Alikuwa hajawahi kurudia kitu mbele ya mtu.

Mjomba alisugua usukani kwa kidole gumba. "Ungeniambia siku ile," alisema mwisho, kwa sauti ndogo ambayo mpwa wake hakujua kama anayo. "Tungelia wawili."

Msimamizi alipozungumza hakupaza sauti. "Mshika fimbo ashuke. Mwenye gari, na wewe utakuja kikaoni Jumatatu. Wote wawili mtakuja."

Alishuka. Alivua kizibao, akakilaza juu ya kiti kwa uangalifu kama anamlaza mtoto. Msafara ulimpita, gari baada ya gari, na ile nailoni nyeupe ikachukua muda mrefu kuisha. Ilipoisha, ng'ambo ya barabara alisimama Taratibu, redio mkononi.

Alivuka. Hakutabasamu.

"Umemponza mjomba wako."

"Najua."

"Na mimi huenda wasinirudishie kibali. Nilisema uongo, nao ni kosa."

"Najua. Jumatatu nitasema tena, mbele yao, bila redio."

Taratibu alitazama chini, kwenye miguu ya ovaroli iliyokunjwa mara tatu. "Kwa nini hukupokea simu hata moja? Mimi nilidhani ni kwa sababu nimeshuka kwenye tela."

"Ulipokuwa unapiga," alisema, na sauti ilikuwa inakatika lakini inatoka, "nilikuwa naishika simu kwa mikono miwili mpaka ijizime. Ilikuwa inatetemeka, na mimi natetemeka. Nilijua nikipokea nitakwambia yote mawili."

"Yapi mawili? Moja nimelisikia, na bandari nzima imelisikia."

Walinzi wa geti walikuwa wanatazama. Karani alikuwa anatazama, kalamu sikioni. Mvua ilimteremka shingoni.

"Nakupenda, mpenzi wangu," alisema. "Tangu ulipokuwa unayapima homa yale magurudumu."