Bahasha Chini ya Godoro

Kila jioni Modesta alisonga ugali, kisha akaketi na mama yake, Suzana, wakala kwenye sinia moja. Walikuwa wawili tu, maana baba alikuwa kwenye kambi ya wavuvi huko Ukerewe. Mama aliuza mitumba sokoni Mkuyuni, na mimba yake ilikaribia miezi tisa. Jumatano ile miguu ilikuwa imemvimba, akamtuma Modesta kliniki ya hospitalini kuchukua majibu ya damu.

"Shikamoo, nesi."

"Marahaba." Nesi Mihayo alimpa bahasha iliyofungwa. "Mpe mama mkononi. Aje kesho bila kukosa."

Mama hakujua kusoma, na Modesta ndiye aliyemsomea barua zote. Hivyo aliona hakuna ubaya kuifungua njiani. Iliandikwa: "Una virusi vya homa ya ini B. Usijifungulie nyumbani. Mtoto lazima achomwe sindano ya kinga mara tu akizaliwa."

Mwaka jana jirani yao, Luhaga, alikufa kwa ugonjwa wa ini. Alipougua, watu walimtengea sahani, na watoto wakakatazwa kupita mlangoni kwake. Modesta aliogopa kwamba mama angekufa, na kwamba mtaa wao wote wa Mabatini ungemkimbia.

"Wamesemaje?" mama aliuliza.

"Damu yako ni nzuri," Modesta alijibu. Bahasha akaificha chini ya godoro.

Jioni hiyo alipakua chakula chake kwenye bakuli, akala pembeni. Kesho yake akafanya vilevile. Siku ya tatu alifika Bibi Kashindye kutoka Magu, kumchukua binti yake akajifungulie kijijini kama ilivyokuwa desturi yao. Wangeondoka na basi la alfajiri. Modesta alijua kwamba kwa bibi hakukuwa na sindano yoyote.

Walipoketi kula, alivuta tena bakuli lake. Mama akaliacha tonge.

"Modesta, nimekukosea nini? Siku tatu sasa huli na mimi."

Machozi yalimtoka. "Mama, nilikudanganya." Akaileta bahasha, akaisoma yote. Mama alishika tumbo lake.

"Basi safari ya Magu haipo," alisema bibi. "Nitabaki hapa hapa."

Uchungu ulianza alfajiri, saa ileile ya basi. Hospitalini alizaliwa mtoto wa kiume, akachomwa sindano pajani.

"Nesi, mama atakufa?" Modesta aliuliza kwa sauti ndogo.

"Wengi wenye virusi hivi huishi miaka mingi," alijibu Nesi Mihayo. "Ila atahitaji kupimwa mara kwa mara. Wewe na baba mtapimwa pia, na mtoto atarudi kumalizia sindano zake. Virusi hupita kwenye damu, kama mkitumia wembe mmoja, au mama anapojifungua. Havipiti kwenye sinia. Kuogopa si kosa, mwanangu. Kosa ni kuficha majibu. Saa hizi mngekuwa ndani ya basi."

Bibi alifunua chombo cha ugali na samaki aina ya sato alichokuja nacho. Modesta alinawa, akaketi karibu na mama, akamega tonge kwenye sahani ya mama yake.