Bibi Nasma Aliomba Maji

Haya aliniambia Fatu mwenyewe, mjukuu wa rafiki yangu Nasma wa Kasingirima, akilia mpaka kanga ikalowa.

Fatu anasomea uchoraji. Mchana ule aliachwa amwangalie bibi yake mgonjwa, akaona bora amchore palepale kitini. Mvua ikaja kutoka ziwani, akafunga madirisha, chumba kikaingia giza. Kilichosikika ni mkaa tu ukikwaruza karatasi.

"Fatu, nipe maji, mama."

"Bibi, usitikisike! Namalizia mkono."

"Haya. Utanichora mpaka nikauke kama dagaa."

Wakacheka. Bibi akaomba tena, kwa sauti ndogo.

"Bado kidogo tu, bibi."

Hakuomba mara ya tatu. Fatu akafurahi, akamwambia, "Sasa umetulia vizuri!" Akaumaliza ule mkono, kwenye picha umelala gotini, kiganja chini. Ndipo akaleta kikombe, akakuta mwili wa bibi umeshapoa.

Baada ya matanga alikuja kwangu na picha ameiviringisha, hataki kuitazama. Niliifungua mimi. Karatasi haikuwa na alama yoyote ya kufutwa. Mkono wa Nasma ulikuwa umenyooshwa mbele, kiganja juu.